Shokapu za gari la spoti unaloendesha kila siku

Kabla hujanunua chochote, ingia chini ya gari na tochi. Mimi nilikuta shokapu ya nyuma kushoto imelowa mafuta meusi yaliyoshikana na vumbi, na tairi lake limeliwa mabonde mabonde. Hapo hakuna mjadala: badilisha, tena kwa jozi, kulia na kushoto pamoja.

Swali kubwa ni springi. Kama ni za kiwandani, chukua shokapu za urefu wa kawaida. Kama gari umelishusha, unahitaji fupi. Bilstein, watengenezaji wa shokapu, wana B6 kwa springi za kawaida na B8 kwa zilizofupishwa. Mimi nilifunga B6. Mashimo nayasikia zaidi, kweli, lakini gari halilali tena kwenye kona, na nikifunga breki pua haizami. Ukiwa na mgongo unaosumbua, chukua zinazofanana na za kiwandani, wala usione haya.

Raba za juu, zile zinazoshikilia kichwa cha shokapu kwenye bodi, nunua mpya. Boliti za bushi (raba za kwenye maungio) zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, la sivyo bushi hujipinda na kuchanika mapema. Kisha pima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.