Fremu umeshaipata, sasa uweke nini ndani? Somo kwa walioko Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Mara kwa mara napigiwa simu na mtu aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita ya fremu (chumba cha biashara), ufunguo uko mfukoni, ndipo anauliza: "Kaka, hapa niweke biashara gani?" Swali zuri, ila limekuja baada ya hela kutoka. Jibu lake lilikuwa pale pale barabarani, mbele ya mlango, na lilikuwa la bure.

Siwacheki, mimi mwenyewe nililipia ada ya somo hili. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa Nkuhungu. Nikaweka viatu vya watoto na mabegi ya shule, kwa sababu tu nilikuwa na jamaa Dar es Salaam wa kunifungashia mzigo. Januari shule zinafunguliwa, niliuza mpaka nikajiona tajiri. Kufika Agosti nilikuwa nafuta vumbi kwenye viatu vilevile nilivyovifuta Machi. Bidhaa zilikuwa na msimu mmoja, kodi ilikuwa na miezi 12.

Hatua ya 1: Simama uhesabu, kabla hujalipa

Hapa ndipo penye kazi, kwingine kote ni nyongeza.

Chagua siku tatu: moja ya katikati ya wiki, Jumamosi na Jumapili. Kaa kwa mama lishe au kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na fremu, agiza chai, toa daftari. Hesabu wapita njia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, mchana kidogo, halafu saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Usiandike idadi peke yake. Andika wanaelekea wapi na mkononi wana nini. Ukiona jioni watu wanarudi na mifuko ya nyanya na mchicha kutoka Soko la Majengo au Sabasaba, ujue genge lako litanyauka, mboga zimeshanunuliwa mjini. Watu hao watakuja kwako kwa kile kilicho kizito kubeba au kilichosahaulika: mtungi wa gesi, maji ya kunywa, unga, mkate wa asubuhi.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni upande wa barabara. Asubuhi mtu anakimbilia daladala, hawezi kununua kilo mbili za sukari aende nazo kazini. Jioni akishushwa, upande anaoshukia ndio unaokula hela yake. Kwa hiyo fremu ya upande wa kwendea mjini inafaa chai na vitafunwa, wakala wa pesa za simu, kinyozi. Ya upande wa kurudia inafaa mahitaji ya nyumbani, bucha, maziwa. Nimeona maduka mawili yametazamana, moja linauza mara mbili ya jirani yake, na mtaa mzima unasema mwenye nalo kaenda kwa mganga. Mganga wake ni kituo cha daladala.

Hatua ya 2: Jua mtaa unaishi vipi mwaka mzima

Dodoma ya leo si ile ya kabla ya 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi. Mitaa kama Kisasa na Ilazo ina wafanyakazi wengi. Mchana wako maofisini, wengine hadi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mtaani wamebaki dada wa kazi na watoto. Ukifungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni kama maduka ya katikati ya mji, utafunga wakati wateja wanashuka kwenye gari. Hapo kaa mpaka saa 3 usiku, na uwe na mzigo wa kutosha mshahara unapotoka.

Nzuguni na pembezoni kwingine ambako viwanja bado vinajengwa, mteja wa mchana ni fundi. Anataka misumari, mabomba, chapati maharage na maji baridi. Lakini fundi ni ndege: mtaa ukijaa nyumba anahama, nawe itabidi ubadilishe bidhaa au umfuate.

Karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hela inakuja na bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, na inaondoka na mabegi ya wanafunzi chuo kikifungwa. Karibu na nyumba za wageni kuna neema Bunge linapokaa, hasa kikao cha bajeti kinachoanza Aprili hadi Juni. Panga kodi yako kwa miezi mibaya, mizuri itajilipa.

Halafu kuna hali ya hewa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni upepo na vumbi. Kama mbele ya fremu hakuna lami, keki na magauni meupe sahau. Fremu inayotazama magharibi inapigwa jua kuanzia mchana hadi jioni, mafuta ya kujipaka yanayeyuka rafuni.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya siku moja

Tuseme kodi ni 100,000 kwa mwezi, umeme 20,000, msaidizi 120,000, taka na ulinzi 15,000, chakula na nauli yako 105,000. Jumla 360,000, yaani 12,000 kila siku hata usipouza pipi. Duka la rejareja likikupa faida ya 120 kwenye kila 1,000, unatakiwa uuze 100,000 kwa siku. Mteja wa wastani akinunua vya 2,000, hao ni watu 50. Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza. Akiingia mmoja kati ya kumi wanaopita, je, wanapita 500?

Fremu hiyohiyo iwe ya kinyozi: kunyoa 2,000, nusu ya kinyozi, nusu yako. Msaidizi wa mshahara hayupo, gharama zinabaki 240,000, yaani 8,000 kwa siku. Vichwa vinane tu. Ila mtu ananyoa kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo unahitaji wanaume kama 112 wasio na kinyozi wao. Mtaa wa mabachela watakuwepo. Mtaa wa familia ambako vinyozi tayari ni wanne, fikiria tena.

Hatua ya 4: Fremu yenyewe, na karatasi

LUKU (mita ya umeme) ni yako peke yako au mnachangia na saluni ya jirani yenye madraya? Bucha na mgahawa vinataka maji na pa kumwaga maji machafu. Aliyekuwepo kabla yako aliondoka kwa nini? Waulize majirani, dalali ana kamisheni yake ya kulinda.

Karatasi: TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA (haiuzwi, usimlipe mtu), mkataba wa pango, leseni ya biashara kutoka Halmashauri ya Jiji. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ukiuza vyakula, ulizia TBS (Shirika la Viwango) kuhusu usajili wa jengo. Na kodi ya zuio ya pango, asilimia 10 inayokatwa kwenye pango kwenda TRA, kubaliana na mwenye nyumba mapema nani ataibeba, maana wengi humsukumia mpangaji.

MASWALI YA WADAU

Dada wa Ipagala: Mtaani kwangu kuna maduka matatu ya mangi (ya rejareja). Nikiongeza la nne nitapona?

Dada yangu, usishindane nao kwenye sukari na soda. Wananunua jumla na wana daftari la mkopo, wanajua mshahara wa nani unaingia lini. Tembea nyumba kumi uulize: "Ni kitu gani mnakikosa hapa mpaka mpande gari?" Kikitajwa kitu kimoja mara tano, anza nacho.

Mdau wa Nzuguni: Mkuu, nina 1,500,000. Nifanye wakala wa mitandao peke yake?

Ukigawa hela hiyo kwenye mitandao minne, na keshi ibaki mkononi, kila fungu linakuwa 300,000. Mteja wa kwanza wa kutoa 400,000 anakushinda, kesho haji. Kamisheni nayo ni ndogo. Uwakala uwe ndoano: aje kutoa pesa, atoke na mkate. Tena ukifunga usiku usiondoke peke yako na keshi.

Mdau mwingine: Mimi ni mhasibu. Naweza kufungua duka la dawa muhimu?

Mtaji unaweza kuwa wako, lakini kibali ni cha Baraza la Famasi na mtoa dawa lazima awe amesomea. Mshahara wake uingize kwenye hesabu ya hatua ya tatu kabla hujatafuta fremu.

Mama wa Kibaigwa: Sisi huku si mjini, tuna soko la mahindi. Somo linatuhusu?

Linawahusu sana, mama. Hesabu mara mbili: wakati wa mavuno, malori yakijaa, na wakati wa ukame wa hela. Wapagazi na madereva wanataka chakula cha kushiba, maji, vocha. Mkulima akishauza gunia anataka bati, kitenge, madaftari ya watoto. Usichukue mzigo mkubwa wa kitenge mwezi ambao maghala ni matupu.

Mdau wa Chang'ombe: Kaka, nadharia tamu. Lakini fremu nzuri hazikai siku tatu. Dalali akikuonyesha asubuhi, jioni ina mtu.

Kweli kabisa, na sina dawa kamili. Mimi siku hizi nikibanwa nahesabu jioni moja tu, saa 11 hadi saa 2 usiku, na nambembeleza mwenye nyumba apokee miezi mitatu badala ya sita. Nimekosa fremu mbili kwa kusimama na daftari. Moja imeshabadilisha wapangaji watatu. Ya pili ina bucha, na jamaa anauza kuliko mimi.