Mambo ya kuzingatia kabla ya kupeleka gari mbio za saa nyingi

Juzi walinijia gereji vijana watatu wa Njiro na Altezza yao inayong'aa. Wanataka kujinoa taratibu hadi siku moja waingie mbio za saa 24 za Dubai. Sikuwacheka. Mbio hizo zipo tangu 2006, na pembeni ya GT3, yale magari ya spoti ya pesa nyingi yaliyoundwa kwa mbio, yamewahi kukimbia magari ya TCR, yale ambayo ukiyatazama kwa mbali utadhani mtu anaenda nayo sokoni. Shida ni kwamba sisi wa Arusha na Moshi tumelelewa na rali: unakimbiza kipande, unafika sehemu ya huduma, fundi anaingia uvunguni. Kwenye saa nyingi anayepumzika ni dereva. Gari halipumziki.

Leseni kwanza. Hii yako ya kila siku haitoshi. Unahitaji ya mashindano ya kimataifa, na safari yake inaanzia kwenye chama cha magari cha nchi yako. Helmeti, ovaroli isiyoshika moto, glavu na kinga ya shingo ya HANS viwe na alama ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, na muda wake uwe haujaisha. Mtumba wa soko la Kilombero ni wa kuvaa kanisani, si wa kuvaa motoni.

Mafuta: kule Dubai hamjazi mbele ya banda lenu, mnaenda kwenye pampu za pamoja kama sheli, na foleni ipo. Pigeni hesabu ya lita kwa mzunguko, na mzunguko ni kilomita 5.39. Ila hesabu ya Arusha msiende nayo. Huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo inavuta kidogo. Ukishuka pwani inapata hewa nyingi na inadai petroli zaidi.

GT3 zitawapita mchana na usiku. Shika mstari wako, usimkwepe mtu ghafla. Wakitangaza Code 60, yaani amri ya wote kupunguza mwendo kukiwa na hatari njiani, shuka hadi kilomita 60 kwa saa, hata kama aliye nyuma yako anakuwashia mataa.

Sasa breki. Hapa nitachelewa kidogo, maana hapa ndipo nilipomkosea mtu.

Miaka kadhaa nyuma tulipewa ruhusa ya kuzungusha gari saa nne mfululizo kwenye barabara za ndani za shamba moja la kahawa upande wa Moshi. Nilifunga pedi mpya, nikasafisha diski, nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Mafuta ya breki nilitumia ya kopo lililokaa juu ya kabati tangu kabla ya masika, mfuniko umepotea, mdomo umezibwa kwa kitambaa. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Nani amwage?

Saa moja na robo baadaye dereva, kijana mpole wa Majengo, badala ya kukata kona alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye migomba. Akashuka anatetemeka: "Fundi, pedali imezama hadi chini, kama nakanyaga sponji." Tukalitoa gari, tukakagua, nusu saa ikapita. Nikakanyaga mwenyewe. Ngumu kama jiwe. Mwenye gari akamtazama yule kijana, akamwambia, "Umeogopa kona, sema tu." Mimi nikanyamaza.

Nikaingia mimi. Mizunguko tisa, safi. Wa kumi mguu ukagonga sakafu, nikaokolewa na gia na hendibreki.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishalowa, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu, na breki za mbio zinafika hapo bila hodi. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, mguu unazama. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji, pedali inasimama, na dereva anabaki muongo.

Kwa hiyo: kopo jipya, lifunguliwe siku ileile, ya zamani yatoke yote gurudumu kwa gurudumu mpaka yaje safi. Kinachobaki kisirudi kabatini. Na dereva akisema breki hakuna, aaminiwe kwanza, ubishi baadaye. Yule kijana nilimwomba radhi. Alikubali, ila mbio aliacha.

Mengine mnayajua. Nati za tairi zikazwe tena baada ya mizunguko ya kwanza. Fanyeni mazoezi ya kubadilishana dereva, kufunga mikanda na kufungua, gizani, mpaka mikono izoee. Dereva alale kweli, asikae anachati. Anywe maji kabla kiu haijaja. Tochi ziwe mbili, betri mpya. Jeki ijaribiwe nyumbani. Na marafiki waliokuja kupiga picha wakae mbali na petroli, hasa yule mwenye sigara, maana hakosekani.