Usukani ukilia: tafuta chanzo kabla ya kununua raki

Dereva akilalamika kwamba usukani unalia, kitu cha kwanza kushukiwa huwa raki, yaani kifaa chenye meno kinachobadili mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kukata matairi. Mara nyingi raki haina kosa. Stablaiza linki (fimbo fupi inayounganisha stablaiza na sehemu za tairi), tairodi (fimbo inayotoka kwenye raki kwenda kukata tairi) au mkanda wa injini uliochakaa hutoa kelele inayosikika kama inatoka kwenye usukani wenyewe, na vyote hivyo ni bei rahisi kuliko raki. Kwa hiyo usifungue nati yoyote kabla hujajibu maswali mawili: kelele inakuja gari likiwa limesimama au likitembea? Na injini ikizimwa, inabaki au inapotea?

Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, fungua kufuli ya usukani, kisha uchezeshe kidogo kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa. Washa, rudia. Mlio unaokuja injini ikiunguruma tu ni wa mkanda au pampu ya oili ya usukani. Mgongo, yaani sauti ya kugonga, unaosikika hata injini ikiwa kimya ni wa viungo. Gari lenye usukani wa umeme halina pampu wala oili ya usukani, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye viungo.

Mlio wa pampu na mkanda

Mkanda hupiga ukelele mkali asubuhi unapowasha, au unapokata usukani hadi mwisho. Mwagia maji kidogo upande wenye mifereji injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele ikitulia kisha ikarudi, mkanda umechakaa au puli hazijakaa mstari mmoja. Ikizidi, mkanda unateleza kwa kulegea.

Pampu yenyewe huvuma, na uvumaji hupanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Fungua kikopo cha oili. Toyota nyingi zenye pawa ya oili hutumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron II au III, ambayo ni nyekundu. Honda ina oili yake, na magari kadhaa ya Ulaya hutumia ya kijani, kwa hiyo soma mfuniko kwanza. Usiweke oili ya breki hata tone: inaharibu sili za pampu na za raki. Oili ikiwa na povu, mfumo unavuta hewa. Hapa wengi hupotea, kwa sababu hutafuta mahali panapovuja na hawaoni kitu. Mpira unaotoka kwenye kikopo kwenda pampu unafyonza, kwa hiyo unaweza kuingiza hewa bila kudondosha oili. Badilisha mpira huo na klipu zake.

Kutoa hewa: inua mbele kwa jeki, weka stendi, acha injini imezimwa. Zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, huku msaidizi akiongeza oili isishuke chini ya alama. Washa, rudia mara chache, na usishikilie usukani mwisho zaidi ya sekunde 5, maana pampu inapata moto. Zima, tazama kikopo: oili ikipanda zaidi ya milimita 5, hewa bado imo.

Migongo

Kugonga kwenye vishimo vidogo kwa mwendo mdogo, hasa barabara ya vumbi, mara nyingi ni stablaiza linki. Kata usukani, ingiza mkono nyuma ya tairi, shika linki utikise. Nzima haichezi.

Tairodi huipimi vizuri peke yako. Matairi yakiwa chini, mwenzako acheze usukani kwa haraka na kwa kifupi huku kiganja chako kikiwa kimeshika kichwa cha tairodi. Iliyolegea utaihisi ikigonga mkononi kabla sikio halijasikia. Ya ndani ipime kwa kubana mpira wa mikunjo wa raki na kuhisi kiungo kilichomo.

Unapobadilisha kichwa, legeza kwanza lokinati (nati inayokifunga kichwa kwenye tairodi), weka alama, na hesabu mizunguko unapokifungua ili kipya kikae palepale. Kukitoa kwenye nako (chuma kinachobeba tairi), gonga ubavu wa mkono wa nako, si nyuzi za boliti. Toyota ndogo nyingi nati inayoshika kichwa kwenye nako hukazwa kwa Nm 49 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Tundu la kotapini, yaani pini inayozuia nati isilegee, lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usirudishe nyuma. Weka pini mpya, kisha upeleke gari kwenye wili alaimenti, hata kama hesabu yako ilikuwa sahihi.

Ukisikia "tak-tak-tak" unapokata kona hadi mwisho huku ukikanyaga mafuta, hiyo ni sivijointi ya nje, yaani kiungo cha ekseli kilicho upande wa tairi. Angalia mpira wake na grisi iliyorushwa ndani ya rimu. Mpira ukikutwa umepasuka mapema, osha, jaza grisi, weka mpya. Kelele ikishaanza, jointi imekwisha.

Springi inayolia kwa kukwama na kuruka ukikata usukani gari limesimama ni beringi ya maunti ya shokapu, yaani kishikio chake cha juu. Gusa springi kwa nje mwenzako akizungusha usukani: ikiruka ghafla badala ya kuzunguka taratibu, umeipata. Kuifungua kunahitaji kibanio cha springi. Bila hicho springi inaweza kuruka na kuua mtu.

Vyote vikiwa vizima na mgongo ukibaki, kagua bushi za raki (mipira inayoishikilia), kisha raki. Wapo wanaokaza boliti ya kurekebishia raki ili kuficha mgongo. Tunaipinga njia hiyo kabisa: ikikazwa kupita kiasi, usukani hukwama na haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye mwendo mkali huo ni msiba. Raki iliyolika ndani hubadilishwa au hufanyiwa ukarabati na sili mpya.