Kifusi kikimwagwa bondeni: namna ya kuitumia sheria ya mazingira Dar es Salaam

Malori yakishaanza kumwaga kifusi kwenye kingo za Msimbazi au Mto Ng'ombe, maji ya mvua hayapungui, yanahamia kwa jirani. Na jinsi mvua zinavyozidi kuja kwa vishindo, nyingi kwa saa chache, kila kipande cha bonde kinachojazwa kina mtu wa upande wa pili atakayelala juu ya meza usiku huo. Sheria ya kuzuia jambo hili ipo. Kinachowaangusha wananchi mahakamani mara nyingi si haki yao, ni tarehe zilizopita na picha zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo anza na kalenda na futikamba, wakili afuate.

Sheria yenyewe

Ya kushika kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sura ya 191. Inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani hata pale ambapo madhara bado ni tishio tu. Huhitaji kusubiri nyumba ianguke. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Kabla ya kunukuu namba yoyote ya kifungu kwenye barua, fungua Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Barua nyingi bado zinanakiliwa kutoka vitabu vya zamani.

Ushahidi

Siku ya kwanza pima. Futikamba ya mita 30 ivutwe mara mbili kutoka ukingoni hadi kifusi kilipo, watu wawili washike, wa tatu apige picha namba zikionekana. Andika umeanzia wapi. Ukingo wa Msimbazi unahama kila mafuriko, na upande wa pili watasema umepimia pasipo ukingo, kwa hiyo chukua na kipimo kingine kutoka kitu kisichohama: nguzo ya umeme yenye namba, kona ya msikiti, kichwa cha karavati. Rudia kila Jumamosi. Vipimo vinne vya mwezi mmoja vinavyoonyesha kifusi kikisogea vina uzito kuliko video ya dakika kumi yenye kelele.

Maji yakishaingia ndani yanaacha mstari wa tope ukutani. Usiufute kabla ya kuupima kutoka sakafuni kwa sentimita, nyumba kwa nyumba, na kuandika jina la mwenye nyumba, tarehe na saa.

Picha zibaki kwenye simu iliyozipiga. Hapa ndipo kesi nyingi hulegea: picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, inapoteza tarehe yake ya asili, na aliyeipiga hajulikani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hii, lakini mahakama itataka kujua ulitengenezwa na kutunzwa vipi. Aliyepiga picha ndiye aape kiapo.

Halafu takwimu za mvua. Iandikieni Mamlaka ya Hali ya Hewa kuomba milimita za kila siku za kituo kilicho karibu, kwa miaka kadhaa ya nyuma. Utetezi utakaokutana nao ni ule ule siku zote: mvua ilikuwa kubwa, ni mipango ya Mungu, ni tabianchi. Tafuta siku ya zamani iliyonyesha kiasi hicho hicho, au zaidi, na maji hayakuingia ndani. Ukiipata, umeonyesha kwamba kilichobadilika hapo katikati ni bonde. Hoja hii ni ngumu kuivunja, na gharama yake ni ndogo.

Barua na mihuri

Anzieni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha afisa mazingira wa manispaa, kisha ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Kuhusu mkondo wa maji wenyewe, nakala iende Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Barua iwe ya ukurasa mmoja, iombe mambo matatu tu: shughuli isimamishwe, bonde lirejeshwe lilivyokuwa, na mpewe nakala ya cheti na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe mrudi nayo. Barua isiyo na muhuri huko mbele ni karatasi tu.

Taarifa isipotolewa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa taasisi siku 30 kujibu. Ripoti ikipatikana, usisome utangulizi. Nenda kwenye viambatisho, utafute orodha ya waliohudhuria mkutano wa wananchi na sahihi zao. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, Kenya, ulifutiwa leseni na baraza la mazingira la nchi hiyo Juni 26, 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kisha tazama kama mchoro wa mifereji ulikokotolewa kwa mvua za sasa au za miaka ya zamani.

Mlango upi, na saa yake

Mdaiwa akiwa mtu binafsi au kampuni, mnaweza kufungua kesi moja kwa moja. Akiwa manispaa au wakala wa serikali, inatakiwa notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Siku 90 zinaweza kumeza masika yote. Ndiyo maana mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la Mareva, yaani amri ya muda wakati notisi bado inahesabika. Ombeni mapema, na hati ya dharura ieleze kwa vipimo nini kitaharibika kisichoweza kurudishwa.

Mkipinga kibali chenyewe, njia ni mapitio ya mahakama: mnaomba kwanza ruhusa, ndani ya miezi sita tangu kibali kitolewe. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha inatoa miezi miwili tu. Shauri la bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga lilitupwa huko Novemba 2023 kwa sababu hiyo ya muda, hoja za mazingira zenyewe hazikuguswa. Inauma, na ni funzo kwa kila mtaa.

Watu mia wenye shida moja hawafungui kesi kwa kuambatisha orodha ya majina. Omba kibali cha kesi ya uwakilishi chini ya Amri ya I Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, na wote wajulishwe. Bila hivyo pingamizi la awali litawarudisha nyumbani asubuhi ile ile. Nyaraka ziandikwe kwa Kiswahili, sheria inaruhusu tangu 2021.

Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 23, 2025 kuhusu wajibu wa nchi katika tabianchi yanafaa kutajwa, aya moja inatosha. Futikamba ndiyo itakayobeba shauri.

Nyumba yako iko mita ngapi?

Pima kabla ya kusaini chochote. Kifungu kinachomzuia mwenye kifusi hakichagui, na wapo watakaojibu malalamiko kwa kuwaletea X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Waliomo ndani ya mita 60 wapate ushauri wa msaada wa kisheria kwanza, na wakusanye leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo na za umeme, kwa sababu suala la fidia litasimama juu ya karatasi hizo. Walalamikaji wa mbele wawe wale walio nje ya mstari.

Amri ikishatoka

Wakazi wa Tabata walipata amri dhidi ya dampo la jiji katika kesi namba 299 ya 1988, na jiji likarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, hadi Jaji Lugakingira alipokataa na kusema kuwahatarisha watu kwa moshi na taka ni kuvunja haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba. Kwa hiyo amri ikabidhiwe kwa mkono, kwa anayesimamia malori na kwa afisa mwenye cheo anayehusika. Aliyeipeleka aape kiapo cha kukabidhi siku hiyo hiyo. Jumamosi inayofuata, rudini bondeni na futikamba.