SOMO: Klachi na flaiwili zinakufa mfululizo kwenye gari lililobadilishwa injini

Wakuu, msimu wa korosho ukikaribia hapa Mtwara, gereji zinajaa Hilux zenye ugonjwa mmoja. Injini imetolewa ya aina ya 3L isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa), imewekwa aina ya 1KZ-TE ya lita 3 yenye tabo, tairi zimepandishwa, na klachi inaungua. Mwenye gari anafunga nyingine, nayo inaungua, safari hii flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi inafungwa juu yake) nayo imepasuka. Lawama zote zinaangukia spea: "ni feki hiyo". Spea feki zipo, sibishi. Ila klachi mbili za maduka mawili tofauti zikifa kwa namna moja, muuaji yumo ndani ya gari lako, na ushahidi umeuacha kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Kwa hiyo sharti la somo hili: usitupe wala usifute chochote kilichofunguliwa mpaka umemaliza kusoma.

Hatua ya 1: Pedeli, kabla ya kushusha giaboksi

Bonyeza pedeli ya klachi kwa mkono, si kwa mguu. Lazima icheze kidogo kabla hujakutana na uzito. Kwa Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15. Isipocheza, huenda rilizi beringi (beringi inayoachisha klachi) inasukuma presha pleti (bamba linaloibana disiki ya klachi kwenye flaiwili) muda wote, yaani unatembea na klachi iliyokanyagwa nusu. Chanzo mara nyingi ni fimbo ya masta silinda (ile ya juu, inayosukumwa na pedeli) iliyorefushwa wakati wa kufunga injini mpya, au hozi iliyovimba kwa ndani isiyorudisha mafuta. Klachi ikiteleza, fungua kidogo nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, ile ya kwenye giaboksi, kisha funga. Ikishika vizuri baada ya hapo, umeokoa pesa ya kushusha giaboksi.

Hatua ya 2: Soma kilichokufa

Weka disiki, presha pleti na flaiwili juu ya boksi jeupe, mchana, nje.

Disiki iliyolika sawasawa pande zote mbili na kunuka kuungua iliteleza: mzigo umeizidi, au presha pleti haikandamizi inavyotakiwa. Ukikuta mafuta, nusa. Ya giaboksi yana harufu kali ya kiberiti, ya injini ya dizeli ni meusi tii na hutoka kwenye sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini). Klachi mpya juu ya sili inayovuja ni pesa ya bure.

Sasa iwapo disiki bado nene lakini springi zimetoka, au kitovu chake kimechanika kuzunguka ribiti, hapo achana kabisa na hadithi ya mzigo. Kitu kinaikunja disiki kila mzunguko. Tazama na vidole vya presha pleti, yale majani ya springi yaliyo katikati yake: alama ya rilizi beringi inatakiwa iwe duara safi. Ikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, injini na giaboksi haziko kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 3: Pima

Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka, kwa sababu inataka geji ya saa (kipimo chenye sindano kama ya saa) na subira. Azima.

Kwanza uso wa flaiwili. Shikisha geji kwenye bloku, sukuma kranki upande mmoja ili isikudanganye kwa kucheza mbele na nyuma, zungusha kwa mkono. Toyota nyingi zinaruhusu milimita 0.1 tu. Ikizidi, fungua flaiwili utazame nyuma yake: punje ya kutu kwenye kitako cha kranki inatosha kuiyumbisha.

Pili, kitovu cha belhauzi, ile kava ya mbele ya giaboksi inayofunika klachi. Geji ikae kwenye flaiwili, sindano iguse ukingo wa tundu la katikati la belhauzi, zungusha tena. Jumla isizidi kama milimita 0.13. Gari lililobadilishwa injini hufeli hapa, kwa sababu mbili: zile doweli, pini mbili za kuelekeza kati ya bloku na belhauzi, zilipotea siku ya kubadilisha, au pleti ya kati, bamba linalokaa kati ya injini na giaboksi, ilitobolewa kwa kukadiria. Bolti pekee hazilengi, tundu zake zina nafasi.

Hatua ya 4: Kuchonga flaiwili

Madoa ya bluu ni joto. Nyufa za juujuu huondoka kwa kuchonga. Ufa unaofika kwenye tundu la bolti, tupa flaiwili. Na kama flaiwili yako ina ngazi, uso wa disiki uko chini au juu kuliko pale presha pleti inapofungwa, mwambie fundi wa leidhi (mashine ya kuchonga vyuma) achonge sehemu zote mbili kwa kipimo kimoja. Akichonga uso wa disiki peke yake, presha pleti inapoteza nguvu ya kubana, na klachi mpya itateleza ukipandisha mlima wa Newala ukitokea Masasi.

Hatua ya 5: Kufunga

Bolti mpya za flaiwili, torki (nguvu ya kukazia) ya kitabu cha injini hiyo, kaza kwa kuvukanisha: moja, kisha inayoikabili. Giaboksi isining'inie kwenye shafti yake hata dakika moja. Kilomita 500 za mwanzo, magunia yasubiri.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Mkuu, gari langu Toyota GX100 lilikuwa otomatiki, nimeligeuza manyuo (gia za mkono). Bolti za flaiwili zinakatika. Nimekaza mpaka basi.

Jibu: Umetumia bolti zilizokuja na injini? Za otomatiki zilikuwa zinashika bamba jembamba, kwa kawaida ni fupi. Kwenye flaiwili nene zinashika nyuzi chache. Angalia pia mwisho wa kranki: injini nyingi za otomatiki hazina pailoti beringi, beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Bila hiyo ncha ya shafti inaelea, na disiki itafuata kufa.

Mwanachama, Newala: Nifunge klachi yenye disiki ya seramiki nimalize mambo?

Jibu: Nguvu ya klachi inatokana na mbano, msuguano na upana wa disiki. Ukiweza kupata pana zaidi inayoingia, anza na hiyo. Seramiki inashika ghafla, mshtuko unahamia kwenye giaboksi na propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma). Na tairi za inchi 31 badala ya 28 zimekuongezea mzigo wa kuondokea kwa karibu asilimia 11. Hilo seramiki haikuondolei.

Mwanachama, Mikindani: Gari lilikaa muda mrefu karibu na bahari, sasa gia haziingii kabisa. Flaiwili imekufa?

Jibu: Huenda disiki imegandia kwa kutu. Mbele kuwe wazi, kanyaga klachi na usiiachie, washa likiwa kwenye gia ya 2, kisha kanyaga na kuachia mafuta. Mara nyingi inabanduka.

Mwanachama, Lindi mjini: Springi zimetoka mara ya pili. Doweli zipo zote.

Jibu: Pleti ya kati ipo? Tuma picha ya presha pleti upande wa vidole, usiusafishe.