Kabla ya kupokezana dunia moja ya Minecraft

Tuko wanne tunaocheza gemu la Minecraft pamoja: wawili Mwanjelwa, mmoja Uyole, mwingine Tukuyu. Hakuna mwenye hela ya kulipia seva kila mwezi, kwa hiyo dunia yetu inakaa kwenye laptopu ya mmoja na wengine wanaingia kwake. Akisafiri, anamkabidhi mwenzake.

La kwanza kupatana ni hili: anayeifungua awe mmoja tu. Wawili wakifungua nakala mbili usiku mmoja, asubuhi mna dunia mbili zisizounganishika, na kazi ya mmoja inatupwa. Sisi tulipoteza hivyo mashamba ya wiki mbili, na iliuma sana. Siku hizi unaandika kwenye grupu "naishika". Ukimaliza unafunga gemu, unapakia folda nzima ya dunia, ndipo unaandika "nimeiachia". Asiyeona neno hilo hagusi.

Kabla ya kuiachia, kila mtu aweke mali zake sandukuni. Katika matoleo mengi ya Java (aina ya Minecraft ya kompyuta), mizigo ya mwenye kufungua dunia huhifadhiwa ndani ya faili la level.dat, na ya wageni kwenye folda ya playerdata. Mpokeaji akifungua anajikuta amesimama ulipokuwa wewe, kabeba vitu vyako, na vyake mwenyewe vimefutika. Wengi hudhani wameibiwa.

Modi, yaani nyongeza zinazobadilisha gemu, nazo zifanane kwa kila mtu: toleo la gemu, toleo la kila modi, na kama ni Forge (programu ya kuendeshea modi) wote wawe Forge, maana modi zake hazikubali Fabric, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Mmoja akusanye folda za mods na config, awagawie wengine kwa flashi. Ya Tukuyu tunaipandisha kosta, inaokoa bando. Mkishaanza msiondoe modi, kwa sababu vitu vyake vyote vitatoweka duniani.

Mkiwa chumba kimoja, hotspoti inatosha. Aliye mbali ana kazi zaidi: laini nyingi za simu hutumia anwani moja ya mtandao kwa wateja wengi, hivyo kufungua poti (mlango wa kupokea wageni kutoka mtandaoni) hakusaidii. Wekeni Tailscale au ZeroTier, programu zinazounganisha kompyuta zilizo mbali kama ziko mtandao mmoja, kwenye kila mashine, kisha mgeni aandike anwani ya mwenyeji pamoja na namba ya poti ambayo gemu inaonyesha.

Nakala ya tarehe ya jana ibaki pembeni kila siku. Na mvua za Januari zikianza kukata umeme, anayeishika ni yule ambaye betri ya laptopu yake bado nzima.