Kabla hujaanza kumfundisha mbwa mchanga wa mbegu kubwa: mambo ya kuzingatia kwa wafugaji wa Malindi

German Shepherd wa miezi 5 anaweza kufika kilo 20, na anayemtazama huona mbwa mzima. Basi hudaiwa utulivu wa mbwa wa miaka 3 ilhali akili yake bado ni ya kitoto, na akigeuza kichwa kila kunguru anapotua ukutani, huitwa mkaidi. Kwa niliyoyaona hapa Malindi, wengi wanaosemwa hawashiki mafunzo hawana kasoro yoyote. Wanafundishwa wakiwa wamelemewa na joto, kupe au usingizi, au wamefungwa mnyororo kutwa nzima kisha wakafunguliwa ghafla na kuambiwa watulie. Utulivu huandaliwa kabla ya somo, na anayeuandaa ni wewe.

Mwanzo kabisa ni daktari wa mifugo. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa huchomwa akitimiza miezi 3. Tatizo ni kwamba ule umri wa kuzoea mambo mapya kwa wepesi hupita karibu na wiki ya 14, chanjo zikiwa hazijakamilika. Ukimfungia ndani kungoja sindano ya mwisho, atakuja kuiona bodaboda kwa mara ya kwanza akiwa na mwili mkubwa na hofu kubwa. Mimi napenda njia ya tuktuk: mpakate, mwombe dereva asimame dakika chache kando ya soko, naye asikie honi, adhana na mbuzi, awaone watu wa buibui na wa kofia, bila kukanyaga ardhi ambayo mbwa wagonjwa wamepita.

Kila siku kabla ya somo, mkague. Kupe wa pwani hawana msimu. Geuza sikio, tazama kile kimfuko kidogo cha ngozi kilicho ukingoni, kisha pitisha kidole katikati ya vidole vya mguu kimoja kimoja, halafu chini ya kola. Ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe na mbwa amelegea, acha mafunzo mpeleke kwa daktari, maana kupe huleta homa inayokula damu. Kati ya miezi 4 na 7 anaota meno, na kamba utakayomfunga ataitafuna tu. Loweka kitambaa, kifunge fundo, kigandishe kwenye friza, mpe akitafune kabla ya somo. Usingizi nao una haki yake: mbwa mchanga hulala hata saa 18 kwa siku, na aliyeamshwa na watoto adhuhuri nzima hawezi kukusikiliza alasiri.

Joto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mbwa hupoa kwa kuhema, kwa kuwa jasho lake ni dogo mno, na mwili mkubwa wenye manyoya mazito hushikilia joto kwa muda mrefu. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, usimtoe baada ya saa 2 asubuhi. Alfajiri ndiyo bora, na jioni subiri mpaka jua liwe limelala kabisa, kwani kabro na lami hubaki na moto hata kivuli kikishafika. Weka nyuma ya kiganja chako chini kwa sekunde 7; kama huwezi kuvumilia, nyayo zake hazitaweza. Mbwa anayehema ulimi umetoka wote, anayetafuta ukuta wa kuegemea, hakatai kusikia. Anaungua. Akianza kupepesuka au ufizi ukiwa mwekundu sana, mwingize kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, na mkimbize kwa daktari huku ukiendelea kumlowesha.

Viungo vyake pia vichanga. Mifupa ya mbegu kubwa huendelea kukua mpaka miezi 12 hadi 18, na sehemu laini zilizo karibu na viungo huumia kwa urahisi. Kwa hiyo hakuna kuruka kutoka kwenye pikapu, hakuna kukimbizwa nyuma ya baiskeli. Nyumba zetu nyingi zina vigae au terazo, na mbwa anayeteleza kila akikaa atakataa kukaa. Tandika jamvi kuukuu. Litamzuia kuteleza, na baada ya siku kadhaa akiliona linatandikwa atajua kazi imeanza.

Kwenye chakula, usimwongezee unga wa kalsiamu kwa nia ya kumkuza. Kalsiamu ikizidi huharibu mifupa ya mbwa wa mbegu kubwa. Mpe chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbegu kubwa, au panga na daktari mlo wa nyumbani. Zawadi za mafunzo ziwe maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, yakakatwa vipande vya ukubwa wa kunde, na jumla yake isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Ugali wa jana hautashindana na harufu ya samaki wa jirani.

Kisha kaeni kikao cha nyumbani. Malindi ina lugha nyingi: baba anasema kaa, watoto wanasema sit, mwenye kiwanja Mtaliano anasema seduto, na mbwa anabaki kubahatisha. Chagueni neno moja kwa kila tendo, na neno moja la sifa, kama vyema, litakalosemwa papo hapo anapofanya sawa. Bawabu msimsahau. Huyo ndiye anayeshinda na mbwa, na kama yeye hakushirikishwa, mtakayoyajenga asubuhi yatabomoka mchana bila yeye kukusudia. Jina la mbwa lisitumike kumkemea hata mara moja. Likisikika, lazima jema lifuate, ndipo atakapogeuka kila ukimwita.

Majirani wanastahili kufikiriwa kabla ya mbwa kutoka getini. Waislamu wengi wa hapa ni wa madhehebu ya Shafi, ambao mate ya mbwa yakiwagusa hulazimika kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mkubwa akimrukia mzee aliyevaa kanzu akielekea msikitini, amemrudisha nyumbani na huenda amemkosesha sala ya jamaa. Fahamu saa za sala za mtaani kwako na usipite njia hiyo wakati huo. Shika kamba fupi, na ukimwona mtu mbele, vuka upande wa pili mapema. "Shikamoo ami, huyu namfundisha bado, tutapita kule." Salamu hiyo moja huondoa chuki nyingi, na mbwa naye anazoea kwamba watu hupita bila kurukiwa.

Somo lenyewe ni dakika 3 hadi 5, mara 3 au 4 kwa siku. Likomeshe angali na hamu. Lianze uani, geti limefungwa. Shika kipande cha ini karibu kabisa na pua yake, kipandishe polepole kuelekea kisogoni. Kichwa kitafuata mkono, na makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa jamvi tu, sema vyema na umpe. Usimkandamize kiuno. Akishaweza uani bila kukosea, rudieni mbele ya geti, kisha barabara tulivu, na sokoni mwisho kabisa. Akikataa ini analolipenda, mko karibu mno na kinachomtisha au kumvutia. Rudini nyuma hatua kadhaa mpaka aweze kula tena, hapo ndipo pa kufundishia.

Ufukwe huwavutia wafugaji wote, nami naelewa, ila una maandalizi yake. Nenda bahari ikipwa, asubuhi, ukiwa na maji baridi ya kunywa, kwani akinywa ya chumvi atatapika na kuhara. Tangulia kukagua mchanga: ndoano, nyuzi za mishipi, na hasa samaki aina ya bunju waliotupwa na mawimbi. Sumu ya bunju huua mbwa hata bunju huyo akiwa amekauka, hivyo neno acha liwe limeshashika kabla ya siku hiyo. Kasa pia hutaga kwenye fukwe zetu, na mbwa anayechimba huharibu kiota kizima. Mfunge kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, usimwachie. Kama kamba hiyo hujainunua bado, endeleeni kwanza na somo la uani.